Tangi la maji ya chumvi kwenye meza ya sentimita 60: skima, kanista, sampu au chemba ya nyuma?

Mkaa Makorora

Wakuu, habari za jioni. Naishi Makorora, Tanga, chumba na sebule. Nafasi niliyobakiwa nayo ni meza ya chuma kati ya friji na mlango, na juu yake nimeshaweka tangi la kioo la urefu wa sentimita 60, upana 35 na kimo 40. Kwa hesabu ni lita 84, lakini nikitia mchanga na mawe nadhani nitabaki na lita 65 hivi. Nyuma ya tangi hadi ukutani ni sentimita 9. Chini ya meza kuna ndoo za maji ya akiba, na hizo hazihami.

Nataka samaki wawili tu, wale wa rangi ya chungwa wenye mstari mweupe mgongoni, kitaalamu Amphiprion akallopisos, pamoja na konokono wachache wa kula ukungu wa kijani. Tangi la maji baridi, yasiyo na chumvi, nimefuga miaka minne, ila la chumvi ndiyo mara yangu ya kwanza. Nimesoma mpaka kichwa kinauma. Kuna wanaosifia skima (kifaa cha kutoa uchafu kwa povu) ya kuning'iniza nyuma, wengine kanista (kichujio kilichofungwa kinachokaa nje ya tangi), wengine wanasema bila sampu (tangi la pili chini) usijisumbue. Kwa nafasi hii niliyonayo, mngechukua nini? Na umeme wa mtaani kwetu mnaujua.

Binti Raskazone

Kaka, pole na karibu. Nianze na kanista maana ndiyo niliyoishi nayo. Uzuri wake ni wa kweli: imekaa chini ya meza, haina kelele, ndani unapanga sponji, kaboni na chochote unachotaka, na sebuleni hakuna anayeona zaidi ya mipira miwili ya maji. Kwa maji baridi ningekwambia kachukue leo hii.

Kwenye maji ya chumvi ina mambo mawili. La kwanza, uchafu unaonaswa mle hautoki kwenye mfumo. Umefichwa tu, unaendelea kuoza na nitreti inapanda. Kwa hiyo inabidi uifungue kila wiki au kila wiki mbili, na siyo kila miezi mitatu kama ulivyozoea. La pili ndilo lililonitoa machozi. Umeme ulikatika usiku saa tatu, ukarudi alfajiri. Kanista ni chombo kilichofungwa, maji yakisimama mle bakteria wanamaliza oksijeni, kisha wanaanza kufa. Umeme uliporudi pampu ikawaka yenyewe na kusukuma yale maji yote tangini. Niliamshwa na harufu ya yai viza. Maji yalikuwa na rangi ya maziwa yaliyochanganywa na majivu, kitatange wangu amelala ubavu juu ya mchanga, mashavu yanapanda na kushuka haraka haraka. Saa mbili asubuhi alikuwa ameshakufa.

Ukichukua kanista, basi umeme ukikatika zaidi ya saa moja au mbili chomoa waya ukutani, na kabla ya kuiwasha ifungue uisuuze kwa maji ya tangi lenyewe. Usitumie ya bomba, klorini itaua bakteria waliobaki. Sasa jiulize, ukiwa kazini nani atachomoa?

Mzizima Dar

Mkuu, sampu. Sitazunguka. Ni tangi la pili chini, maji yanashuka kwa bomba, yanapita kwenye sponji, skima na mwani, pampu inayarudisha juu. Unaongeza ujazo wa maji, vifaa vyote vimejificha, joto na chumvi havichezi ovyo. Hamisha hizo ndoo.

Mkaa Makorora

Mzizima, nakuelewa, na kama ningekuwa na nyumba yangu nisingeuliza. Ila nimepiga hesabu. Tangi la 60 kwa 35, maji yakizidi mdomo wa bomba kwa sentimita 2 tu, pampu ikizima lita 4.2 zinashuka chini, bado zilizomo kwenye mabomba, na bomba la kurudisha likiwa limezama nalo linafyonza. Sampu ndogo itakayoingia chini ya meza hii lazima iachwe na nafasi tupu ya kupokea yote hayo. Nikikosea, yanaenda sakafuni kwenye ekstensheni ya friji. Mwenye nyumba anakaa chumba cha pili.

Mzizima Dar

Hapo umenishinda. Lakini hesabu hiyo hiyo ndiyo wengi huisahau mpaka zulia lilowe, umefanya vema kuanza nayo.

Mwalimu wa Baiolojia

Naomba turudi nyuma kidogo, kwa sababu tunabishana kuhusu vyombo kabla hatujasema kazi yenyewe ni ipi. Samaki anatoa amonia, na amonia ni sumu. Kundi moja la bakteria linaigeuza kuwa nitriti, sumu vilevile, na kundi la pili linaigeuza nitriti kuwa nitreti, ambayo samaki anaivumilia ikiwa kidogo. Bakteria hawa hawaishi kwenye mashine. Wanaishi juu ya kitu chochote chenye matundu kinachopitiwa na maji yenye oksijeni. Kwenye tangi la chumvi makazi yao makuu ni mawe. Ukiwa na mawe ya kutosha yenye matundu, na pampu ndogo ya mkondo inayozungusha maji mara 10 hadi 20 ya ujazo kwa saa, sehemu kubwa ya uchujaji umeshaimaliza kabla hujanunua kichujio.

Kwa hiyo swali lako linapungua. Unahitaji kifaa cha kuondoa uchafu kabla haujaoza, na cha kuingiza hewa. Hapo skima haina mpinzani. Kwenye maji ya chumvi viputo huwa vidogo sana na haviungani upesi, hivyo ute, protini na mabaki ya chakula hunata kwenye ngozi ya kiputo, vikapanda navyo hadi kikombeni. Sponji hushika uchafu na kuubakiza majini, wakati skima inautoa nje kabisa. Ukikifungua kile kikombe baada ya siku tatu utakuta kimiminika cha rangi ya kahawa nzito, kinanuka, na pembeni kimeganda kama masizi ya sufuria. Hicho kingekuwa nitreti.

Mawe msing'oe baharini. Matumbawe hai ni nyumba ya samaki wa watu wote, na sisi Tanga tuliona uvuvi wa baruti ulivyoyafanya. Tumia mawe ya matumbawe ya nchi kavu, yale ya kujengea, ila chagua mepesi yenye vitundu, yasiwe na saruji wala chokaa. Yasugue, yaloweke wiki nzima ukibadilisha maji, kisha yaingize tangini na chembe za chakula ziwe zinaoza. Baada ya wiki 4 hadi 6 pima. Amonia na nitriti zikisoma sifuri, ndipo ulete samaki, mmoja kwanza.

Binti Raskazone

Mwalimu, kwenye hilo nakuunga mkono kabisa. Niongeze tu kwamba skima ya kuning'iniza ina adabu zake. Siku za mwanzo inafurika povu la maji tupu, au haitoi kitu kabisa, mtu anadhani ameuziwa kibovu. Iache hadi wiki mbili itulie. Ukiingiza mkono wenye mafuta povu linaanguka kwa saa kadhaa. Na kwa kaka huyu sentimita 9 za nyuma zinabana, zangu zilikuwa 12 na kikombe kilikuwa kinagusa ukuta kila nikikichomoa.

Fundi Vioo Ngamiani

Assalaam aleikum. Mimi samaki nafuga kidogo, ila vioo ndiyo kazi yangu. Nimesoma yote, naona mnaiacha njia iliyo wazi. Gawa tangi lenyewe. Nyuma weka kioo cha milimita 5 kusimama kwa urefu wote, ukiacha sentimita 8 hadi kioo cha nyuma. Hiyo chemba igawe vyumba vitatu kwa vioo vidogo. Maji yanaingia cha kwanza kwa kumwagikia juu kupitia meno yaliyokatwa ukingoni mwa kioo, yanapita kwenye pamba. Cha pili unaweka skima ndogo ya kuzamisha. Cha tatu pampu inayorudisha mbele. Unabaki na sentimita 26 na nusu za kuangalia samaki, na nje ya tangi hakuna kitu.

Umeme ukikatika, maji ya mbele yanashuka hadi usawa wa meno, ya nyuma yanapanda, yanasimama. Hakuna tone linalotoka nje, ila asijaze chemba ya nyuma mpaka juu. Na kwa kuwa juu kuko wazi, hewa inaendelea kugusa maji, siyo kama kile chombo kilichofungwa cha dada.

Silikoni iwe isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, ile ya bafuni inaua. Ikae siku saba kabla ya maji.

Mkaa Makorora

Fundi, waaleikum salaam. Hii imenigusa. Kasoro yake ni ipi? Niambie ukweli.

Fundi Vioo Ngamiani

Kasoro ni chumba cha pampu. Maji yakipungua kwa mvuke, mbele huoni tofauti, upungufu wote unaonekana kule nyuma. Ukisahau siku mbili tatu wakati wa jua la Januari, pampu inafyonza hewa na kuungua. Nitakuchorea mstari kwenye kioo cha ubavuni, kila asubuhi unajaza hadi hapo. Tena pima skima kabla sijagundisha kioo. Watu wananiletea skima ya sentimita 9 kwa chumba cha 8.

Mwalimu wa Baiolojia

Na hayo ya kujazia yawe maji yasiyo na chumvi, kwani chumvi haipai na mvuke. Ukijazia ya bahari, chumvi inazidi kimyakimya. Lenga gramu 35 kwa kilo, refraktomita, yaani kipimo cha chumvi, isome 1.025 au 1.026. Maji ya mvua ya bati msitumie, zinki inadhuru konokono.

Mvuvi wa Sahare

Vijana, maji ya kubadilisha mnapata wapi?

Mkaa Makorora

Shikamoo mzee. Nilitaka kuchota pale ufukweni.

Mvuvi wa Sahare

Marahaba mwanangu. Ufukweni hapana, na kati ya bandari na kisiwa cha Toten usichote kabisa, kuna mafuta ya vyombo. Mpe mwenye ngalawa madumu yako akuchotee nje ya ghuba maji yakiwa yamejaa. Siku za maji mafu, bahari inapojaa na kupwa kidogo, ni bora kuliko bamvua, inapojaa na kupwa sana, kwa sababu bamvua inavuruga tope. Masika acha, mto Sigi unashusha maji ya rangi ya chai na chumvi inapungua mpaka mbali. Hapo chota mapema uweke akiba gizani, dumu limefungwa. Na chuja kwa kitambaa cha kanga kilichosuuzwa bila sabuni.

Binti Raskazone

Mzee ahsante, hilo la maji mafu sikulijua. Kaka, badilisha lita 10 kila wiki. Halafu nunua pampu ya hewa ya betri, ile inayowaka yenyewe umeme ukikatika. Kama ningekuwa nayo usiku ule, pengine ningeamka mapema kwa mlio wake.

Mkaa Makorora

Nimeamua. Chemba ya nyuma, mawe ya nchi kavu, skima ya kuzamisha isiyozidi sentimita 7 ili niweze kuitoa bila kuvunja kioo, na pampu ya betri. Kanista nimeiacha, sampu nitaikumbuka nikijenga. Leo nimeyatoa maji yote tangini na kulikausha. Waya wa pampu nitauacha ulegee chini ya soketi kwanza, maji ya chumvi yakitiririka yadondoke sakafuni yasiingie ukutani.

Fundi, Jumamosi upo? Nije na skima mkononi upime kwanza.

Fundi Vioo Ngamiani

Nipo, njoo kabla ya adhuhuri. Lete na pamba unayotaka kutumia, nikate meno kulingana nayo.