Mrejesho: Debian 11 kwenda 12, flashi ya uokoaji imenisaidia

Wakuu, nimerudi. Niliuliza jinsi ya kupandisha Debian (mfumo wa Linux) toleo la 11 kwenda 12, na kama kuna haja ya kuandaa flashi ya uokoaji (USB yenye mfumo wa kuwashia mashine ikigoma) kabla. Mlisema ipo, na mlikuwa sahihi kabisa.

Kupandisha kwenyewe hakukuwa na shida: bullseye (jina la Debian 11) ikawa bookworm (la Debian 12) kwenye sources.list, faili la vyanzo vya programu, nikaongeza non-free-firmware (sehemu ya firmware zisizo huru), kisha `apt upgrade --without-new-pkgs` na `apt full-upgrade`. Nilipowasha upya, mashine ikaishia kwenye skrini ya dharura ya GRUB (programu inayoanzisha mfumo), `grub rescue>` ikisema "symbol not found". Kumbe ina diski mbili, na GRUB mpya iliandikwa kwenye diski ambayo BIOS haianzi nayo. Ile inayoanza ilibaki na GRUB ya zamani, isiyopatana na moduli (vipande vya programu) mpya za GRUB.

Nikawasha kwa flashi, nikapachika mfumo kwenye /mnt, pamoja na /dev, /proc na /sys kwa `mount --bind`, nikaingia kwa chroot (ili amri zifanye kazi ndani ya mfumo wa diski, si wa flashi), kisha `grub-install /dev/sda` na `update-grub`. Ikawaka! Aliyesisitiza niijaribu flashi kwanza kabla ya kugusa chochote, nakushukuru kwa dhati.

Mwenye diski mbili apitie `dpkg-reconfigure grub-pc` achague diski sahihi, la sivyo tatizo litarudi GRUB ikisasishwa tena.