Naomba ushauri: asili ya jina la ukoo wetu, de Souza

Mjukuu wa Vuga (mleta uzi)
Habari zenu, wakubwa kwa wadogo. Babu mzaa baba alikuwa fundi cherehani Mgoa (mtu wa Goa, India) mjini Zanzibar, na jina lake la de Souza ndilo tunalotumia hadi leo. Shangazi anashikilia kwamba sisi ni uzao wa Martim Afonso de Sousa, gavana wa Wareno nchini India kuanzia 1542 hadi 1545, na ameshatundika sebuleni nembo ya ukoo aliyoinunua mtandaoni. Je, tawi letu lilichipuka wapi huko Ulaya?

Mpekuzi
Jina ni la Kireno kweli, nalo limetokana na mto Sousa wa kaskazini mwa Ureno, ambako ukoo mmoja wa makabaila ulikuwa na ardhi. Lakini baada ya Afonso de Albuquerque kuiteka Goa mwaka 1510, wenyeji waliobatizwa walipewa majina ya mapadri au ya wasimamizi wao wa ubatizo, hivyo mtu aliweza kuwa de Souza bila kuwa na tone la damu ya Kireno. Shangazi aheshimiwe, ila nembo hiyo haithibitishi lolote. Usianzie Lisbon ukateremka. Anza na babu, upande kizazi kwa kizazi.

Mama Kibokoni
Naunga mkono. Mwanangu, omba kuona vitabu vya ndoa vya Kanisa la Mtakatifu Yosefu, Mji Mkongwe, kwa kuwa mara nyingi huandikwa humo wazazi wa bwana harusi na parokia aliyotoka. Tafuta Sousa na Souza pia, maana makarani hawakujali tofauti hiyo.

Mjukuu wa Vuga
Shikamoo mama, na ahsante. Cheti cha ndoa cha babu tunacho, na kimeandikwa Saligão, Bardez, yaani kijiji cha huko Goa.

Mpekuzi
Basi umeshapiga hatua kubwa. Kanisa la Saligão lilikamilika mwaka 1873, na kabla ya hapo waumini wake walikuwa chini ya parokia ya Nagoa, kwa hiyo wazee waliobatizwa mapema uwatafute huko, na pia katika hifadhi ya nyaraka ya serikali mjini Panaji, makao makuu ya Goa. Uliza vilevile orodha za jumuiya ya kijiji, ambamo wana wa kiume wa koo za asili waliandikishwa ili wapate gawio la mapato ya mashamba. Wazee wenu wakiwamo, mizizi yenu ni ya hapo hapo kijijini, na Ulaya mlipata jina tu.