Kugawa shamba la ekari 5 Kilifi kuwa ploti: faili ya maombi inatakiwa kubeba nini?

Mwana wa Kaloleni:
Salamu kwenu nyote. Mama yetu ana shamba la ekari 5 katika Kaunti ya Kilifi, lenye hatimiliki kwa jina lake, na ametuomba sisi wanawe tumsaidie kuligawa ili sehemu kubwa iuzwe kuwa ploti za makazi na iliyobaki iwe ya familia. Dalali aliyeletwa na jirani anasema kazi yote ni ya mpima ardhi: aje apande bikoni (alama za mipaka) za ploti za futi 50 kwa 100, nane katika kila ekari, kisha hati zifuate. Ofisi ya mipango ya kaunti imetuambia vingine, kwamba hakuna kitakachopimwa kabla ya ombi kuwasilishwa likiwa na mchoro, maelezo ya matumizi ya ardhi na hata kadirio la watu watakaoishi pale. Hilo la mwisho ndilo lililotushangaza, kwa kuwa sisi hatujengi nyumba yoyote, tunauza ardhi tu. Naomba mwenye ujuzi atueleze ni taarifa zipi hasa zinazotakiwa, na kwa sababu gani.

Mpangaji wa Pwani:
Ndugu yangu, ofisi imewaeleza sawasawa, nami nawasihi msimruhusu mtu yeyote apande bikoni kabla ya idhini kutoka. Tangu Sheria ya Kenya ya Mipango ya Maeneo na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 ianze kutumika, mwenye kutaka kugawa ardhi huomba idhini ya uendelezaji kwa serikali ya kaunti, na anayeendelea bila idhini hiyo anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 500,000, kufungwa hadi miezi miwili, au yote mawili.

Nyaraka za umiliki hazina ugumu: nakala ya hatimiliki, matokeo ya hivi karibuni ya sachi (upekuzi wa rejista ya umiliki) kutoka kwa msajili wa ardhi, na uthibitisho kwamba kodi za kaunti zimelipwa. Uzito wa ombi uko kwenye mchoro wa mgawanyo na taarifa ya maelezo inayouandamia, ambavyo huandaliwa na kutiwa saini na mpangaji aliyesajiliwa. Kifungu cha 58 cha sheria hiyo kinamtaka mwombaji aonyeshe mambo matatu bila kuyakwepa: matumizi yanayokusudiwa ya ardhi, msongamano wa watu itakaoubeba, na sehemu ya ardhi atakayoiachia njia na haki za kupitisha huduma kutokana na mgawanyo huo.

Sasa nije kwenye hesabu ya watu. Ni kweli hamjengi, lakini mchoro wenu ndio unaoamua ni nyumba ngapi zitajengwa, na baada ya hati kutoka hakuna anayeweza kurudi kupanua barabara au kusogeza mipaka bila kuwabomolea watu. Ukanda wetu mwingi una mwamba wa matumbawe unaopitisha maji upesi, kwa hiyo kinachotoka kwenye shimo la choo cha ploti moja hufika kwenye kisima cha jirani bila kuchujwa vya kutosha. Ofisa anapojua kwamba familia 30 au zaidi zitaishi kwenye ekari hizo, anaweza kuuliza maji yatatoka wapi, maji taka yataenda wapi, na kama ploti za ukubwa huo zinafaa mahali pasipo na bomba la maji taka. Kwa maoni yangu hilo ndilo swali lenye thamani kuliko yote katika faili nzima, na inasikitisha kwamba waombaji wengi hulijaza kwa sentensi moja.

Jambo jingine ambalo dalali hakuwaambia ni kwamba ikiwa ardhi imeandikwa kuwa ya kilimo, kuigawa hakuigeuzi kuwa ya makazi. Ombi la kubadilisha matumizi linatakiwa nalo, na huambatana na tangazo la gazetini na bango shambani ili majirani watoe maoni yao.

Mpima Mstaafu:
Nakubaliana na Mpangaji, nami niongeze hesabu, maana hiyo "nane kwa ekari" imewaumiza wengi. Ekari 5 ni takribani mita za mraba 20,234. Ploti ya futi 50 kwa 100 ni mita za mraba 464.5, hivyo ploti 40 huchukua 18,580 na kubakiza 1,650 hivi. Mkizipanga pande mbili za barabara, kila jozi ya ploti inahitaji mita 15.24 za barabara, kwa hiyo jozi 20 zinahitaji takribani mita 305. Barabara ya upana wa mita 9 kwa urefu huo ni mita za mraba 2,745, nanyi mmebakiwa na 1,650 tu. Ploti 40 haziingii, hata kabla ya kukata pembe za njia panda au kutenga eneo lolote la umma.

Mchoro uonyeshe vipimo na eneo la kila ploti, upana wa kila barabara na inapoungana na barabara ya umma iliyopo, namba za viwanja vya majirani, mwinuko wa ardhi, na kijito au bonde lolote hata kama huwa kavu wakati wa kiangazi. Penye mto, ukanda wa hifadhi ni angalau mita 6 na unaweza kufika mita 30 kulingana na upana wake, na haufai kuhesabiwa ndani ya ploti ya kuuzwa.

Kwa ardhi ya kilimo, mama atahitaji pia ridhaa ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, ambayo kisheria inaweza kukataa ikiona kwamba mgawanyo utapunguza uzalishaji wa shamba. Mpima huandaa fomu ya mutesheni (inayoonyesha jinsi kiwanja kilivyogawanywa) na kupanda bikoni baada ya hayo, kisha ramani ya usajili hurekebishwa na hati mpya kutolewa.

Mnunuzi wa Kikambala:
Nazungumza kama mnunuzi. Ploti yangu ilionekana kwenye karatasi ikiwa na barabara, lakini barabara hiyo inaishia kwenye ua wa jirani ambaye hakuwahi kukubali ipite kwake, na muuzaji hapatikani tena. Tafadhali, ndugu, onyesheni waziwazi katika ombi lenu njia ya kutoka shambani hadi barabara ya umma, na mpeni kila mnunuzi nakala ya mchoro ulioidhinishwa, si ule wa dalali.

Mwana wa Kaloleni:
Nawashukuru sana. Tumekubaliana na mama tumtafute mpangaji kwanza. Je, kaunti ikikataa au ikikaa kimya?

Mpangaji wa Pwani:
Ikikataa, inapaswa kuwapa sababu kwa maandishi, nanyi mna siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiliza malalamiko ya mipango. Msiporidhika, mnakwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Ikikaa kimya kwa siku 60, sheria inalihesabu ombi kuwa limekubaliwa, lakini nisingewashauri mtegemee kifungu hicho, kwa kuwa mpima na msajili watataka karatasi yenye muhuri. Pelekeni nakala mbili za faili na mrudi na moja iliyogongwa tarehe ya kupokelewa, kwa sababu siku hizo 60 huhesabiwa kuanzia hapo.