Mgambo wamebeba bao letu, madubwi ya kamari wameyaacha. Kosa letu ni lipi?

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa na hasira. Leo ni siku ya tisa tangu tukio litokee, na kila nikipita pale chini ya mti wa mkungu roho inaniuma upya.

Mtaa wetu uko Dar, upande wa Mbagala. Jina la mtaa naliacha kwa sababu suala bado liko ofisini na wazee wamenisihi nisitaje mtu. Chini ya mkungu ule pamekuwa na kijiwe tangu mimi niko shule ya msingi. Benchi mbili, meza ya drafti iliyopigiliwa misumari kwenye kisiki, na bao. Alasiri anafika muuza kahawa na birika lake na kashata. Bia hakuna, bangi hakuna, na mtu akianza matusi wazee wanamwambia aende nyumbani arudi kesho akiwa na adabu.

Jumamosi ile, saa kumi na nusu jioni, ikasimama kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo. Wakashuka mgambo wanne na mtumishi mmoja wa ofisi ameshika karatasi. Wazee wa miaka sabini na kitu wamekaa pale, hata shikamoo hakutoa. Akasema hii ni operesheni ya wazururaji, vijiwe vyote vinaondolewa, na sisi ndio tunaokaa kutwa nzima kucheza michezo ya kivivu. Mgambo mmoja akalinyanyua bao likiwa na kete zake, akalipindua, kete zikamwagika mchangani, kisha akalirusha nyuma ya kirikuu kama gogo la kuni. Vizibo vya drafti wakavipiga teke. Benchi moja wakaondoka nayo.

Sasa niwaambie nani alikuwa pale. Fundi cherehani, ambaye ameshona sare za shule tangu alfajiri na kufunga saa tisa. Vijana wawili wa bodaboda wanaosubiri abiria, pikipiki zao zimeegeshwa mbele yao. Mstaafu wa bandarini aliyebeba mizigo kwa mgongo wake miaka thelathini. Kijana wa kidato cha pili. Mimi, fundi wa kuchomelea mageti, nimetoka kazini na macho yananiwasha. Na mzee mwenye bao. Nionyesheni mzururaji hapo ni yupi.

Halafu sikilizeni jambo lililonifanya nishindwe kulala. Kutoka kwenye mkungu ule, hesabu hatua hamsini, unafika kwenye fremu yenye madubwi sita, zile mashine za kamari za kutumbukiza sarafu. Mlango wazi, taa zinawaka nyekundu na kijani, muziki unalia tangu saa mbili asubuhi. Jumamosi ile ile, saa ile ile, watu walikuwa wamejaa mle. Kirikuu ilipita mbele ya mlango huo ikiwa na bao letu nyuma. Haikupunguza hata mwendo.

Mwezi uliopita nilimkuta mtoto wa jirani yangu amekaa nyuma ya fremu hiyo analia. Yuko darasa la sita. Mama yake alimpa elfu mbili akanunue mafuta ya kupikia. Aliomba chenji ya sarafu za mia mbili mbili, kumi, akatumbukiza zote. Aliniambia mara ya kwanza zilimtoka sarafu nne, akadhani amejua jinsi linavyokwenda. Nilimpa hela ya mafuta nikamrudisha nyumbani, na nilipokwenda kumuuliza msimamizi wa pale kwa nini anamruhusu mtoto aliyevaa sare, akanijibu kwamba yeye hana kazi ya kukagua vyeti vya kuzaliwa. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 ipo, Bodi ipo, na mtu wa chini ya miaka 18 haruhusiwi. Kwa nini mgambo hawakuingia mle?

Mtu atasema yale yana leseni na yanalipa kodi. Sawa. Kwa hiyo mapumziko yanayomtoa mtu hela yanaheshimiwa, na mapumziko ya bure ni uzururaji? Mimi nikimaliza kazi nikatumbukiza mshahara wa siku kwenye dubwi, naitwa mteja. Nikikaa kwenye benchi na wenzangu bila kumdhuru mtu, nabebewa benchi. Hili ndilo linaloniuma, wakuu, na nataka mtu wa serikali anijibu.

Na hilo neno "michezo ya kivivu" linaonyesha msemaji hajawahi kukaa kwenye bao hata siku moja. Bao la kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji ana 32. Sita anaweka kwenye nyumba, yaani shimo lake kuu, mbili na mbili kwenye mashimo mawili ya kulia kwake, 22 zinabaki mkononi. Kuanzia hapo kila kete unayonamua, yaani unayoitia mchezoni kutoka mkononi, inabidi uwe umeshapiga hesabu utakula shimo lipi, utazitembeza kutoka kichwa kipi, yaani shimo la mwisho la upande upi, kete ya mwisho italala wapi, na ikilala, mwenzako atakufanya nini. Hayo yote kwa macho tu, hakuna kuhesabu kwa kidole. Ukiishiwa mkononi unaingia mtaji, yaani unacheza kwa kete zilizo mashimoni tu, na huko ndiko wenye akili nyepesi wanakokatwa. Yule kijana wa kidato cha pili alikuja pale mwaka jana akiwa hajui hata kutakata, yaani kutembeza kete bila kula. Siku ile alikuwa ameikaba nyumba ya mzee, na mzee alikuwa amenyamaza, ameshika kete tano mkononi anazizungusha kwa kidole gumba, anatafuta njia. Sisi wengine tumewazunguka, hakuna anayepumua kwa nguvu. Ndipo kirikuu ikafika. Mchezo ule haukuisha.

Mwalimu Nyerere alikuwa mchezaji wa bao. Naye alikuwa mvivu?

Nendeni Unguja mkaone. Pale Jaws Corner, Mji Mkongwe, watu wanakaa kwenye baraza wanakunywa kahawa, wanacheza dhumna na karata, na watalii wanatoka Ulaya kuja kuwapiga picha. Nyumba za kule zimejengewa baraza za mawe nje, makusudi watu wakae. Sisi huku Bara tuna mkungu mmoja, na huo mmoja tumefukuzwa.

Tuendelee. Karatasi ile ilisema "uzururaji", nami nikaenda kwa kijana mmoja anayesomea sheria, akanifafanulia. Kifungu cha 176 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinamtaja ombaomba, kinamtaja pia anayecheza mchezo wa bahati kwa pesa mahali pa hadhara. Bao halina bahati hata chembe, na pale kwetu hakuna aliyewahi kuweka hela mezani. Akaniambia sheria za namna hii tulizirithi kwa Mwingereza, ambaye naye alitunga ya kwao mwaka 1824 ili kuwaondoa maskini barabarani. Na akaniambia kitu ambacho sikuwa nakijua kabisa: Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yapo hapa hapa kwetu Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji zinapingana na Mkataba wa Afrika na nchi zenye sheria hizo zinatakiwa kuzifuta au kuzirekebisha. Yule mstaafu wa bandarini aliposikia hivyo alitikisa kichwa. Yeye anaikumbuka Nguvu Kazi ya 1983, watu wasio na kitambulisho cha kazi wanazolewa mjini na kupelekwa shamba. Alisema, "Mwanangu, niliwakwepa wakati ule nikiwa kijana, leo nimestaafu wamenikuta nimekaa."

Mniambie basi twende wapi. Uwanja wa mpira wa mtaa, ambao mimi nilivunjikia mkono nikiwa mdogo, sasa ni fremu kumi na nne na maegesho. Watoto wanacheza chandimu barabarani na kila mara wanapisha bajaji. Maktaba hakuna karibu. Ufukwe wa Coco Beach ni wa umma, ndiyo, lakini kutoka huku ni kubadilisha magari, uende na foleni urudi na foleni, siku imekwisha. Nyumba zetu ni chumba na sebule, wapangaji sita uani, bati linachemka mpaka saa mbili usiku. Mtu akitoka kazini hawezi kukaa ndani. Atakaa nje. Na akikaa nje na mwenzake wawili watatu, hicho tayari ni kijiwe.

Jumatatu iliyofuata tulikwenda ofisini, mimi, fundi cherehani na mzee. Tulikaa kwenye benchi tangu saa mbili mpaka saa sita. Tukaambiwa faini ni elfu hamsini ndipo turudishiwe "vifaa". Nikaomba nionyeshwe imeandikwa wapi. Nikaomba na risiti. Yule bwana akafunga daftari akasema tukishakuwa tayari turudi. Mzee akauliza swali moja tu, bao lake liko wapi. Akajibiwa liko stoo. Akaomba alione. Akajibiwa stoo imefungwa. Tangu siku hiyo mzee hatoki ndani. Binti yake anasema akimaliza kula anakaa kitandani anaangalia mlango. Miaka yote tangu mkewe afariki, jioni zake zilikuwa pale chini ya mkungu. Nani atamlipa hizo?

NYONGEZA: Nimesoma majibu yenu. Dada mmoja ameandika kwamba wanaume wanashinda vijiweni huku wanawake wanahangaika na maji, vyakula na watoto. Dada yangu, hilo lina ukweli na sitakubishia. Wapo wanaofika saa tatu asubuhi wakaondoka giza limeingia na nyumbani hawajaacha hata ya mboga. Wazee wetu huwa wanawasema, na si mara moja fundi cherehani amemwondoa mtu kwenye benchi kwa kumwambia akatafute kazi. Lakini kubeba bao hakukumpeleka hata mmoja wao kazini. Wawili ninaowajua sasa hivi wako kwenye fremu ya madubwi. Zamani walikuwa wanapoteza muda, sasa wanapoteza muda na hela ya mboga. Na nakuunga mkono kwamba kina mama nao hawana pa kupumzikia. Mke wangu anapumzika akiwa anasuka mtu nywele. Tudai wote pamoja.

Mkuu mwingine ameniambia ninunue bao jipya yaishe. Mkuu, bao lile lilichongwa kwa mninga na baba yake mzee, kabla mzee hajaja Dar. Mashimo yake yamelainika kwa vidole vya watu, ukiyapapasa ni kama ndani ya bakuli la udongo. Kete ni komwe za pwani, 63, na ya 64 ilipotea siku ya msiba wa mkewe, tukaweka gololi ya kijani. Yeyote aliyepata gololi mkononi alikuwa anasema bismillah kabla ya kuitia. Duka gani linauza hilo?

Jioni ile baada ya kirikuu kuondoka, watoto wa mtaa walipiga magoti wakachekecha mchanga kwa mikono. Mpaka giza linaingia tulikuwa na komwe 51. Siku ya pili wakaleta sita. Gololi haijaonekana. Nimezihifadhi kwangu kwenye kopo la maziwa.

Kesho Jumanne saa mbili asubuhi tunarudi ofisini, safari hii tuko zaidi ya ishirini, na kina mama wanne wamesema watakuja. Tunadai mambo matatu: bao na benchi virudi bila faini isiyo na risiti, tuandikiwe rasmi kwamba pale chini ya mkungu tunaruhusiwa kukaa baada ya saa za kazi, na mtu mwenye mamlaka aende kwenye ile fremu saa wanafunzi wanapotoka shule akaangalie kwa macho yake wanaoingia. Mwenye kujua barua ya namna hii inaandikwaje na inapelekwa kwa nani zaidi ya hapo mtaani, anisaidie usiku huu.

Na ombi la mwisho, hasa kwa mlio upande huu wa Mbagala mpaka Chamazi. Nina wasiwasi bao halipo stoo. Ukiona mtu analiuza au amelifanya meza, lina rangi ya kahawia iliyoiva, urefu kama mkono wa mtu mzima, pembe moja imepigwa bati dogo kwa misumari mitatu, na nyumba ya upande mmoja ina ufa uliozibwa kwa nta. Usigombane na mtu. Nitumie ujumbe humu, nitakuja mwenyewe na mzee alitambue.