Nimeokota kiatu cha farasi Kondoa, hawa askari wapanda farasi wa 1916 waliishije?

Mrangi wa Kolo

Wakuu salaam. Juzi tulikuwa tunachimba shimo la choo kwa mzee mmoja hapa Kondoa, tumefika kama futi tatu sururu ikagonga chuma, nikajua jembe la zamani, kukitoa nakuta kiatu cha farasi. Upande mmoja kutu imeshakula lakini misumari miwili bado imo, imepinda. Huku kwetu farasi hakuna, punda ndo wamejaa, na hiki kwa punda ni kikubwa mno. Mzee akakishika akasema hiki ni cha Makaburu wa vita ya Mjerumani, babu yake alikuwa anasimulia walikuja na farasi wengi na wakafa wengi mpaka bonde zima likanuka mizoga.

Tangu siku hiyo kichwa hakitulii. Shule tulisoma Lettow-Vorbeck, kamanda wa Mjerumani, na Smuts wa Mwingereza, basi, huyo kijana aliyekaa juu ya farasi mwenyewe hakuna aliyetuambia habari zake. Alikuwa anakula nini, analala wapi, kwao alikuwa anakuwaza vipi? Mwenye kujua naomba asimulie kwa kirefu, msinipe mistari miwili.

Msoma Ramani

Mkuu huyo mzee wako yuko sahihi kabisa. Hao ni brigedi ya wapanda farasi kutoka Afrika Kusini, jenerali wao Jaap van Deventer. Smuts alichukua uongozi wa majeshi ya Mwingereza huku kwetu Februari 1916, Moshi ikaanguka Machi, mwanzoni mwa Aprili akamwambia Van Deventer toka Arusha shuka kusini. Wakapigana kwanza Lolkisale, kile kilima cha upande wa Tarangire, na pale maji yalikuwa juu kilimani kwa Mjerumani kwa hiyo farasi walikaa na kiu huku wanaume wanapigana. Wakapita Ufiome, hiyo njia ya Babati unayoijua, na tarehe 19 Aprili wakaingia Kondoa.

Sasa masika ya mwaka ule ilipiga hasa. Nyuma yao barabara ikawa matope matupu, magari ya ugavi yakazama, daraja hakuna, na reli iko mbali kule upande wa Moshi, kwa hiyo kila kitu cha kutoka nyumbani, kahawa, sukari, barua, kikawa kinasubiri matope yakauke. Jeshi zima likakwama hapo kwenu kama kisiwa. Wakala walichokikuta, unga wa mtama, karanga, mapapai, nyama ya kutafuta, na malaria na kuhara damu vikawalaza mmoja mmoja.

Ulipouliza kuhusu kwao ndo umenigusa. Wengi wa hawa vijana walikuwa watoto wa mashamba, majimbo ya Free State na Transvaal huko kwao, mtu amejua kupanda farasi kabla hajajua kusoma. Aprili na Mei kule ni baridi inaanza, asubuhi nyasi zina umande wa barafu, mahindi yanakauka shambani yanasubiri kuvunwa. Yeye yuko Kondoa ameloa mpaka mifupani anajua kabisa wiki hii baba yangu anavuna na mikono haimtoshi. Ukilelewa shambani utanielewa, mtu wa shamba hamkumbuki mama na mke tu, anaukumbuka msimu.

Halafu kuna jambo wengi hawalijui. Van Deventer na Smuts wenyewe walikuwa wamepigana DHIDI ya Mwingereza kwenye vita ya Makaburu iliyoisha 1902, Van Deventer alipigwa risasi ya koo sauti ikabaki ya kukwaruza. Kwa hiyo kwenye mistari ile kulikuwa na kijana ambaye baba yake alipigana na Mwingereza miaka 14 tu nyuma, leo yeye anaumwa homa Kondoa kwa ajili ya Mwingereza huyohuyo. Usiku mtu kama huyo anawaza mengi.

Daktari wa Mifugo

Niongezee upande wa farasi maana ndo kazi yangu. Kilichowamaliza si risasi, ni nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Farasi akishaambukizwa anapata homa inayokuja na kuondoka, anakula lakini anakonda, tumbo kwa chini na miguu vinavimba, anaanza kuyumba nyuma, mwisho analala hainuki. Ni suala la wiki chache. Weka na ule ugonjwa mwingine wa farasi unaoenezwa na visubi wakati wa mvua, huo unaua kwa siku chache na povu linatoka puani. Walikuwa wanawapa farasi aseniki ili wasukume siku mbili tatu mbele, dawa yenyewe ni sumu. Walikufa mamia kwa mamia, wakaletwa wengine, na wao wakafa.

Mimi nimeshakaa na mfugaji ng'ombe wake mmoja anakufa, najua sura ile. Mpanda farasi ndo anamlisha, anampiga brashi, anamkagua kwato kila jioni, anamwongelesha lugha ya nyumbani. Kule porini huyo farasi ndo kiumbe pekee anayefanana na maisha aliyoyaacha. Akifa, askari anabaki na tandiko, usiku ndo mto wake, asubuhi anaanza kutembea kwa miguu kama wengine, buti zenyewe zimeoza kwa matope. Hapo ndo naamini umbali wa kwao alianza kuuhesabu kwa hatua.

Mjukuu wa Ugogo

Nimesoma yote, nawaonea huruma hao vijana kweli, ila mtaniruhusu niseme la moyoni. Hiyo mtama waliyokula ilikuwa ya nani? Walipotoka Kondoa wakafika Dodoma mwishoni mwa Julai 1916, na kabla yao Mjerumani alishapita anachukua ng'ombe, nafaka na watu. Kwetu Ugogo ikaja ile njaa inaitwa mtunya, 1917 mpaka 1920, bibi zetu wametuhadithia watu walivyokuwa wanakula mizizi na kufia njiani. Na farasi walipokwisha mzigo alibeba nani? Wapagazi. Kariakoo mnayoenda kununua vitu Dar imetokana na jina la hicho kikosi cha wabeba mizigo, walikufa makumi ya maelfu kwa njaa na homa. Na wao walikuwa na kwao, tena mwingine kwao ni siku tatu tu kwa mguu na hakuruhusiwa kurudi.

Msoma Ramani

Mjukuu wa Ugogo sina la kukupinga, umesema kweli tupu. Mkuu wa mada aliuliza kuhusu mpanda farasi ndo maana nikaanzia huko. Nimalizie tu kwamba hao Makaburu nao hawakudumu, kufikia mwisho wa 1916 maelfu walishapakiwa kurudishwa Afrika Kusini kwa maradhi. Nyumbani alikokuwa anakuota alifika akiwa mifupa mitupu, na wengine ndo wamelala makaburi ya Dodoma, Morogoro na Iringa mpaka leo.

Mrangi wa Kolo

Wakuu asanteni sana, Mungu awabariki. Nimemsomea mzee yote kwa sauti leo jioni, pale kwa Mjukuu wa Ugogo akanyamaza muda mrefu, halafu akaniambia jambo ambalo hajawahi kulisema, kwamba babu yake huyo aliyesimulia farasi alikuwa na kaka yake mkubwa alichukuliwa kubeba mizigo wiki ileile jeshi lilipoondoka kwenda Dodoma. Mama yao alikuwa anamwekea ugali pembeni kila usiku mpaka uwele ulipokwisha ghalani.

Kiatu nilitaka kukisugua kutu nikakiuze kwa wale wanunuzi wa vitu vya kale. Mzee amekataa. Amekipigilia msumari kwenye nguzo ya banda, upande wa barabara ya Dodoma.