Bangili za shangazi: niziuze kimya kimya au nimwambie?

Mwana_Chumbageni
Assalaam aleikum wadau. Naombeni mawazo, maana mama nimeshamuuliza akanitolea macho tu.

Nilipoolewa mwaka 2016, shangazi yangu anayekaa Maskati alinivisha bangili 2 za dhahabu mbele ya akina mama wote, vigelegele vikapigwa mpaka nikaona haya. Nene, za maua, ndani zina muhuri wa 875. Tangu nijifungue mtoto wa pili haziniingii. Idi iliyopita nililazimisha kwa sabuni, moja ikanikwama kwenye kifundo cha gumba, ikabidi mume wangu anichomoe kwa mafuta ya nazi huku watoto wanacheka. Toka siku hiyo zimelala kwenye kopo la Blue Band, chini ya kanga.

Mimi nauza barafu za ukwaju na ubuyu hapa nyumbani, shule iko jirani. Kifriji changu kinagandisha vipakiti 40, saa 4 asubuhi vimekwisha na watoto bado wanagonga mlango. Nataka friza. Nimeshafika kwa sonara mmoja, akazipima akasema zote mbili gramu 20.6, akanitajia bei. Nikamwambia nakuja.

Tatizo, shangazi hushuka kila mwaka Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, na kabla hajakaa huangalia mikono. Mama anasema zawadi ya mtu haiuzwi. Nimefikiria hata kununua zile za kupakwa dhahabu juu tu, nivae akija. Nimekosa adabu au?

Mzee_wa_Raskazone
Binti, mama yako kaongea mila, hajaongea dini. Hiba ukishaipokea ikawa mkononi mwako ni mali yako. Imo kwenye Bukhari na Muslim: Mtume (s.a.w.) alimpa Umar nguo ya hariri, naye Umar akashangaa, maana hariri wanaume tumekatazwa. Akaambiwa hakupewa aivae. Aiuze au amvishe mwingine. Umar akampelekea ndugu yake aliyekuwa Makka. Anayekemewa ni mtoaji anayerudia zawadi yake, huyo ndiye aliyefananishwa na mbwa anayerudia matapishi. Dhambi huna. Habari ya kumwonea haya shangazi, hapo simo, waulize wanawake wenzio.

Mke_wa_Baharia
Haya, mwanamke mwenzio nimefika. Mimi niliuza cheni niliyopewa na mama mkwe, sikumwambia mtu. Sonara badala ya kuiyeyusha akaitundika dirishani. Wifi yangu kapita na ndoo yake ya samaki, kaiona inaning'inia na herufi ya jina langu imechongwa kwenye kile kimoyo. Kabla ya adhuhuri ukoo mzima unajua, na mimi ndiye wa mwisho kujua kuwa wanajua! Mama mkwe hakusema neno. Ila tangu siku hiyo akinipa kitu, hata sahani ya visheti, ananiambia "hii ya kula."

Mpigie shangazi mwenyewe, kabla mama yako hajampigia. Na hizo za kupaka usithubutu. Mtu wa Maskati akikushika mkono tu kwa salamu ameshajua.

Fundi_Mstaafu
Nimekaa kwenye meza ya usonara miaka mingi. 875 ni karati 21, usikubali kupigiwa bei ya 18. Ujira wa yale maua haurudi, unalipwa uzito tu. Kabla hajaweka bangili, itazame mizani imesimama kwenye sifuri. Na usiuze duka la kwanza, pima hata matatu.

Mwana_Chumbageni
Narudi. Jana usiku nimempigia. Nilizunguka weee, nikaulizia joto la huko, nikaulizia goti lake, mpaka akaniambia "sema, mwanangu, umeme wangu wa simu unakwisha." Nikamwambia yote, na barafu, na friza.

Akanyamaza. Mimi roho juu. Kisha akauliza: "Huyo sonara kasema gramu ngapi?"

Nikamwambia 20.6.

Akaniambia nisubiri. Namsikia anafungua droo, anapekua makaratasi, anamwita mjukuu amletee miwani. Kumbe risiti anayo, miaka yote hiyo! Gramu 24.3. Akaanza kumwaga maneno ambayo hapa siwezi kuyaandika, yote ya sonara, mimi hata hakunigusa. Mwisho akasema, "Nilikuvisha kwa ajili ya siku kama hii, ulidhani urembo? Lakini kwa mwizi usiuze." Picha ya risiti imeshaingia kwenye simu.

Fundi, ahsante, Jumamosi naenda kupima kwingine na risiti mkononi. Sasa limebaki la mama, ambaye kasusa na leo hata mboga hajaniletea.