Pedali kuwa nzito ghafla kwenye mashine ya baiskeli ya ndani

Swali: Ndugu zangu, nimeiweka mashine ishikilie wati 200, lakini katikati ya zoezi pedali huwa nzito ghafla hadi miguu inakwama. Nianzie wapi kuchunguza?

Jibu: Ndugu, anza na mwendo wako. Ukishuka kutoka mizunguko 90 hadi 60 kwa dakika, mashine hulazimika kuongeza ukinzani kwa nusu nzima ili wati zibaki zilezile, nawe unazidi kulemewa. Pumzika kidogo, kisha uanze tena kwa kasi.

Jibu: Naongeza kwamba programu moja tu ndiyo iiongoze mashine, kwani simu na kompyuta zikiunganishwa pamoja huweza kutoa amri zinazopingana. Hilo husahaulika mno.

Jibu: Ukinzani ukipanda hata mwendo wako usipobadilika, sasisha programu ya mashine yenyewe.